Upana wa Penseli

Kifuniko kiligoma kutoka. Nilikuwa na kisu mkononi, bomba la moshi la kutuliza nyuki likifuka miguuni, na nyuma yangu amesimama Mzee aliyekuwa akinifundisha ufugaji wa nyuki. Nilikuwa na miaka 19. Mzinga ule wa fremu, yaani viunzi vya mbao ambavyo nyuki hujenga masega ndani yake, ulikuwa wa kwanza kuutengeneza kwa mikono yangu, na nyuki walikuwa wamekaa ndani yake miezi minne.

Nilipokibandua kwa nguvu, kililia kama tawi linalovunjika. Gundi ya nyuki ilikuwa imejaa kote kifuniko kilipogusana na fremu, kwa sababu sikuacha mwanya wowote hapo juu. Pembeni nilikosea kinyume chake: kati ya fremu na ukuta wa mzinga niliacha nafasi ya vidole viwili, nikiamini nawapa nyuki raha ya kupita. Wao walikuwa wameijaza masega, fremu na ukuta vikawa kitu kimoja.

Nikaanza kukata. Sega la kwanza likapasuka katikati, asali ikamwagika hadi sakafuni mwa mzinga, na majana, watoto wa nyuki, yakaanguka ndani yake. Mengine yalikuwa yamekaribia kuwa nyuki kamili: mwili bado mweupe kama maziwa, macho yameshaiva rangi ya zambarau. Nyuki wakubwa walijikokota kwenye asali, mabawa yamegandamana mgongoni. Mmoja alipanda kwenye ubapa wa kisu changu, akateleza, akapanda tena.

"Acha, mwanangu," Mzee akasema. "Funika."

Tulikwenda kukaa mbali na mizinga. Nilikuwa natetemeka, na si kwa kuumwa na nyuki. Mzee hakunigombeza. Alitoa penseli kwenye mfuko wa shati, akaishika mbele ya macho yangu, akaanza kunisimulia habari za Lorenzo Langstroth.

Huyo alikuwa mchungaji wa kanisa huko Marekani, mzaliwa wa Philadelphia, mwaka 1810. Mwaka 1838 aliona mezani kwa rafiki yake bakuli la kioo lenye sega la asali. Akaomba kuonyeshwa nyuki wenyewe, wakapanda darini kuwatazama, na siku hiyohiyo akarudi kwake na mizinga miwili. Alikuwa mtu mwenye maradhi ya huzuni nzito, yanayomshika kwa miezi na kumwachisha kazi. Kila yalipomwachilia, alirudi kwa nyuki.

"Naye alikuwa akikata," Mzee akasema. "Kila akitaka kutoa sega, kwanza kisu kipite ukutani."

Sikulitarajia neno hilo, nami nikalishika kama mtu anayeshika kamba.

Kabla ya Langstroth, François Huber wa Geneva, ambaye alikuwa kipofu na akitumia macho ya msaidizi wake, alishabuni mzinga unaofunguka kurasa kwa kurasa kama kitabu. Ulifaa kwa uchunguzi, lakini mfugaji wa kawaida ulimsumbua. Langstroth alizisoma kazi za Huber. Katika mizinga yake mwenyewe alikuwa ameacha mwanya mdogo kati ya vijiti vinavyobeba masega na kifuniko, akaona kwamba hapo nyuki hawajengi wala hawapaki gundi. Kifuniko kiliinuka bila shida. Vuli ya mwaka 1851, akirejea nyumbani kutoka kwa nyuki wake, akapata wazo: mwanya uleule uzunguke fremu nzima, juu, chini na pembeni. Hataza, hati ya kumiliki ubunifu huo, aliipata Oktoba 1852.

Mwanya huo ni kati ya milimita 6 na 9 hivi, karibu unene wa penseli ile. Ukipungua, nyuki wanauziba kwa gundi. Ukizidi, wanajenga sega. Katikati hapo wanauacha wazi kwa sababu ndiyo njia yao. Kinachonigusa mpaka leo ni kwamba Langstroth hakukitunga kipimo hicho. Nyuki walikuwa nacho tangu zamani, na mizinga ilijaa kila mahali, ila watu waliendelea kukata. Ilihitajika macho ya mtu aliyekubali kuutazama mwanya mtupu na kuuliza kwa nini umebaki mtupu.

Nikauliza kama alitajirika. Mzee akatikisa kichwa. Watu waliuiga mzinga wake bila kumlipa, na kuitetea haki yake kukamgharimu. Alifariki Oktoba 1895 akiwa kanisani Dayton, akihubiri. Naona alidhulumiwa, na kila ninapofungua mzinga jambo hilo hunichoma.

Siku mbili tulizitumia kurekebisha. Tukaongeza vibao ndani ya kuta, tukapunguza kimo cha fremu, na kila mahali Mzee alipitisha penseli ile: ikikwama, tunaranda, ikicheza sana, tunaongeza ubao. Jioni ya pili tukafungua tena. Masega yenye majana yaliyosalimika tuliyafunga kwenye fremu kwa uzi wa pamba, moja moja, nami nikiwa nimebana pumzi. Malkia tulimkuta kwenye sega la mwisho. Usiku ule sikulala, nikihofia watahama.

Hawakuhama. Baada ya wiki tatu nikakuta vipande vya uzi vimetupwa mlangoni mwa mzinga. Walikuwa wameshayashikiza masega wenyewe kwa nta, kisha wakautafuna uzi wote. Kifuniko kikainuka kwa mkono mmoja. Nikashika fremu ya tatu kwa ncha za vidole, nikaivuta juu polepole. Ikatoka nzima, na nyuki juu yake hawakuacha hata kazi.