Kijani cha Usambara na kioo cha kunyolea

Lushoto, Julai, saa mbili asubuhi. Ukungu umekalia bonde na mwezi huu hauna haraka. Kuna siku unainuka saa tatu, kuna siku saa tano. Muda wa kuusubiri ndio muda wa kuandika.

Mchoraji wa mandhari asiyepita chuo huulizwa kila mara amejifunza wapi. Hilo ni swali la adabu tu. Swali gumu ni hili: nani anakusahihisha? Chuoni kuna mtu anayepita nyuma ya mgongo wako, anasimama kidogo, anasema mlima ule umekuwa mweusi mno, anaenda zake. Anayejifundisha mwenyewe hana mtu huyo, na jicho lake ni shahidi wa uongo kwa sababu limeitazama kazi saa mbili mfululizo na limeshaizoea. Nyumbani wote watasema nzuri. Kwa hiyo kujifundisha kuchora, ukiondoa porojo, ni kukusanya vitu vinavyoweza kukukatalia.

Cha kwanza ni kioo kidogo cha kunyolea. Geuza mgongo kwa mandhari na kwa picha, inua kioo usawa wa bega, uvione vyote viwili kwa pamoja. Picha iliyogeuzwa kushoto kulia ni ngeni kwa jicho, na makosa yanajitokeza papo hapo: upeo wa macho umelala upande, miti yote imeinama kama inavutwa na kamba moja, nyumba ya bati inaelea. Fanya hivyo kila baada ya dakika ishirini, si mwishoni, maana mwishoni utakuwa umeshaipenda.

Cha pili ni kufinya macho mpaka majani yapotee yabaki madoa. Hapo unahukumu nuru na giza peke yake, na nuru na giza ndivyo vinavyobeba picha ya mandhari. Rangi ikikosewa lakini giza lake liko sawa, picha bado inasimama. Giza likikosewa, hakuna rangi itakayoiokoa. Simu nayo husaidia, ukiiweka kwenye nyeusi na nyeupe, ila kuna mtego: simu hurekebisha mwanga yenyewe, kwa hiyo ukipiga mandhari kisha ukapiga bodi, yaani ubao unaochorea, unalinganisha uongo na uongo. Vipige vyote ndani ya picha moja, bodi ikiwa mbele na mlima nyuma yake.

Cha tatu ni fremu ya nyuzi. Vincent van Gogh, ambaye alianza uchoraji akiwa na miaka 27 na kwa sehemu kubwa alijifundisha, alijitengenezea fremu ya namna hiyo alipokuwa The Hague, Uholanzi, mwaka 1882 na kuitembeza mashambani. Huhitaji fundi. Kata tundu la sentimita 6 kwa 8 kwenye kadi ngumu, bandika uzi mmoja wima na mmoja mlalo katikati, basi. Uwiano huo ni sawasawa na bodi ya 30 kwa 40, kwa hiyo kinachoingia tunduni ndicho kitakachoingia kwenye bodi. Kabla ya kugusa rangi, chora vijipicha vitatu vya penseli vya ukubwa huohuo wa tundu, dakika tano kila kimoja, kwa ngazi tatu tu: nyeupe, kijivu, nyeusi. Kijipicha kisichosomeka kwa ngazi tatu hakitasomeka kwa rangi ishirini.

Sasa kijani, maana ndicho kinachowaumbua wengi huku. Usambara ni kijani juu ya kijani: mahindi, kabichi, migomba, miwati, mikaratusi. Anayeanza hununua seti ya tyubu kumi na mbili, ndani yake kuna kijani mbili au tatu, na anazipaka kama zilivyo. Matokeo ni mlima wa plastiki. Kibaya zaidi ni kijani cha thalo, ambacho nyuma ya tyubu huandikwa PG7. Kiasi cha punje ya mchele kinaweza kumeza rundo zima la rangi nyingine. Jifunze kusoma namba hizo za nyuma kuliko majina ya mbele. Jina ni biashara, namba ni chembe ya rangi yenyewe. Mwaka wa kwanza, kwa maoni yangu, usinunue kijani kabisa. Tyubu sita zinatosha: nyeupe ya titani (PW6), njano ya limau (PY3), oka ya njano, yaani njano ya udongo (PY42), siena ya kuungua, kahawia yenye wekundu (PBr7), bluu ya ultramarini (PB29) na nyekundu moja yoyote isiyopauka juani.

Anza na sehemu tatu za oka kwa moja ya ultramarini, upate kijani kilichopoa chenye vumbi, cha mikaratusi. Njano ya limau na ultramarini kidogo ni mahindi machanga. Ultramarini na siena ya kuungua nusu kwa nusu zinakupa weusi ulio hai, na weusi huo ukichanganywa na njano ya limau unatoa zeituni, rangi ya giza la ndani ya shamba la migomba. Kijani kikipiga kelele, kinyamazishe kwa nyekundu au siena, ncha ya kisu tu. Ukikinyamazisha kwa nyeupe hukipunguzii kelele, unakifanya chokaa.

Chukua jani moja la mgomba, liangalie dakika tano bila kuchora. Sehemu ambayo jua liko nyuma yake inawaka njano, mishipa inaonekana mmoja mmoja, na hapo ndipo jani lilipo na rangi kali kuliko kote. Sehemu iliyolala ikitazama mbingu haina kijani karibu kabisa: ni kijivu cha bluu, tena cheupe, kwa sababu ngozi ya jani inang'aa na inarudisha anga. Chini ya uti wa kati, kivulini, ni zeituni nzito. Pembeni, pale upepo ulipolichana, kuna ukingo wa kahawia kama karatasi iliyoungua. Jani moja, rangi nne. Anayejua kwamba jani ni kijani atapaka moja na kushangaa kwa nini mgomba wake unafanana na kibandiko cha ukutani.

Milima ya mbali ina hesabu yake. Kutoka Irente, kilele cha kutazamia mandhari karibu na Lushoto, ukingo unapokatika na uwanda wa Umasaini kubaki chini karibu mita elfu moja, safu hufuatana moja nyuma ya nyingine. Watu husema za mbali zipakwe bluu, wanachukua ultramarini, wanapaka, na mlima wa mbali unakuja mbele kuliko wa karibu. Kosa si bluu. Kosa ni giza na ukolevu. Changanya kwanza rangi ya hewa: nyeupe nyingi, ultramarini kidogo na siena chembe, mpaka ilingane na anga pale inapogusa upeo. Halafu changanya kijani cha kilima cha karibu, rundo kubwa, uligawe mafungu manne. Fungu la kwanza liache. La pili tia hewa sehemu moja kwa tatu za kijani, la tatu nusu kwa nusu, la nne hewa tatu kwa kijani moja. Huo ni mwanzo tu. Utarekebisha kwa jicho, lakini angalau unarekebisha kitu kilichokaa kwenye mstari.

Kuna mambo mawili hapo ambayo mara nyingi hukosewa. Vivuli hufifia kwa umbali kabla ya sehemu zenye jua, kwa hiyo kivuli cheusi kwenye safu ya tatu ni uongo hata kama unadhani unakiona. Tena kwa msimu huu mguu wa kila safu ni mweupe kuliko kilele chake, kwani ukungu hulala bondeni. Ukipaka mlima rangi moja kutoka juu hadi chini, umeufanya ukuta.

Kuhusu bodi nitapita haraka. Plaiwudi ya milimita 4, karatasi nzima ya sentimita 244 kwa 122, inatoa bodi ishirini na nne za 30 kwa 40, na ubao unaobaki pembeni unatosha kulipia unene wa msumeno, milimita tatu hivi kwa kila mkato. Mwambie fundi hivyo kabla hajawasha mashine, la sivyo za mwisho zitakuwa fupi. Piga msasa, paka geso, rangi nyeupe ya kutayarishia bodi, mikono miwili mbele, na mmoja nyuma. Wa nyuma wengi wanauruka, halafu bodi inapinda kama kigae, kwa sababu upande mmoja unavuta unyevu na mwingine hauvuti. Rangi ya maji ya ukutani inaweza kushika nafasi ya geso chini ya akriliki, rangi za kuchanganywa kwa maji, kama ni ya ubora mzuri. Chini ya rangi za mafuta haifai, inanyonya mafuta na picha inabaki na mabaka yaliyofubaa. Mwishoni futa siena iliyolainishwa kwa maji juu ya weupe wote. Juu ya bodi nyeupe kila doa huonekana jeusi kuliko lilivyo, unaogopa, unapaka hafifu, picha nzima inapauka.

Mwanga ndipo ushauri ulioandikwa Ulaya unapotupotosha waziwazi. Wanasema chumba cha kuchorea kiwe na dirisha la kaskazini, kwa sababu kwao jua halipiti upande huo na nuru haibadiliki. Lushoto iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mapema Machi na mapema Oktoba. Kati ya miezi hiyo, adhuhuri linakaa kaskazini. Leo, Julai, dirisha la kaskazini linapigwa jua na kibao cha rangi kinameremeta kama bati. Linalokufaa sasa ni la kusini, na baada ya Oktoba mambo yanageuka. Mwenye chumba cha dirisha moja apachike kanga nyeupe isiyo na maua au karatasi nyembamba, yaishe.

Nje, jua linazunguka nyuzi 15 kwa saa. Saa moja na nusu ya kazi ni zaidi ya nyuzi 22, na kivuli kilichokuwa kinavuka njia kimeshahamia mtaroni. Paka vivuli vyote katika dakika thelathini za mwanzo, chora mshale wa penseli nyuma ya bodi kuonyesha jua lilikotoka, kisha usivikimbize. Anayevikimbiza anapata picha yenye jua mbili. Irente inatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko nyuma yako na uwanda unakuwa bapa kama mkeka; baada ya saa tisa linakuja mbele, vumbi linashika nuru, mashamba ya mkonge yanakuwa shuka moja. Bodi yenyewe isipigwe jua. Rangi iliyochanganywa juani, ukiingia nayo ndani, inakuwa tope. Mwavuli uwe mweusi au wa kijivu, maana mwekundu unaipaka picha wekundu usioukusudia, na shati jeupe linarudisha mng'ao kwenye rangi mbichi.

Jambo lisiloandikwa popote: mtu mwenye stendi ya miguu mitatu kando ya shamba hudhaniwa mpimaji ardhi, na kupimiwa ardhi bila taarifa si utani milimani huku. Salimia kwanza, onyesha brashi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mnapima tena?"

"Hapana, mzee. Nachora tu mlima ule na migomba yako, kama utaniruhusu."

Akishakubali, mara nyingi atarudi baadaye kutazama, na atakuambia nyumba ya jirani yake umeiweka mbali mno na mto. Msikilize. Huyo naye ni kioo.

Akriliki au mafuta? Akriliki hukauka kwa maji kutoroka, na kwenye upepo mkavu dakika tano zinatosha kukuachia ganda. Dawa yake ni chombo cha plastiki chenye mfuniko, ndani kitambaa kilicholoa, juu yake karatasi ya kuokea, rangi zikae hapo. Kumbuka pia kwamba ikikauka inakuwa nyeusi zaidi kidogo, kwa sababu gundi yake ni nyeupe kama maziwa ikiwa mbichi na ni angavu kama kioo ikikauka. Anga lichanganye jeupe kuliko unavyotaka. Mafuta hayana shida hiyo, ila hukauka kwa kushika hewa, siku kadhaa, na yana sharti moja: tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, vinginevyo juu hukauka kwanza na kupasuka. Tapentaini kwa tabaka la kwanza, mafuta ya kitani yaongezwe juu. Mafuta ya mawese hayatakauka hata ungoje masika mbili.

Wapo wanaosema rangi ya makopo inatosha, mbona Edward Saidi Tingatinga hakuwa na nyingine. Kweli, hakuwa na chuo pia, na kabla ya kufa mwaka 1972 alikuwa ameanzisha mtindo unaobeba jina lake, kwa rangi ya kung'aa ya dukani juu ya vipande vya hadibodi. Lakini tazama alichoifanyia ile rangi: maumbo bapa, mistari safi, madoa. Rangi ile haipendi kuchanganywa ikiwa juu ya ubao, naye hakuilazimisha. Ukungu unataka kingo laini, na kingo laini zinataka rangi inayongoja.

Saa tatu na robo. Safu ya pili imeanza kuonekana, ya tatu bado. Bodi ya wiki iliyopita imegeuzwa ukutani tangu Jumapili, tarehe imeandikwa nyuma kwa penseli pamoja na mshale wa jua. Itageuzwa leo jioni, na kitakachoonekana katika sekunde tano za kwanza kitaandikwa hapohapo nyuma yake, kabla jicho halijaanza kutoa udhuru.