Mwizi wa ufukweni huanzia kwenye ufunguo

Mtu akishuka kwenye gari na taulo begani na kaptula isiyo na mfuko, ana swali moja tu: ufunguo auweke wapi? Kuna mwingine ameketi kivulini anasubiri jibu la swali hilohilo. Juu ya tairi, nyuma ya bampa, ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta, chini ya jiwe, ndani ya kiatu kilichofunikwa kwa taulo. Kila mmoja hudhani maficho hayo kayabuni yeye. Ukishainama mara moja kwenye tairi kabla ya kuelekea majini, umeshasema yote. Muda alionao mwizi nao anaujua, maana kichwa chako anakiona kule mbali kikielea.

Kwa anayeishi pwani, gari na nyumba huibwa kwa njia moja. Kishada kimoja kina ufunguo wa gari na wa mlango wa mbele, rimoti ya geti imebanwa kwenye kikinga jua, na karatasi za bima zenye anwani ziko kwenye kisanduku cha dashibodi. Anayekipata kishada hicho anafika kwako kwa gari lako mwenyewe, geti linamfungukia, na jirani anaona gari analolifahamu likiingia. Basi anza na kazi isiyogharimu kitu: funguo za nyumba zisikae kishada kimoja na wa gari, rimoti itoke kwenye kikinga jua, na karatasi zibaki nyumbani, ila zile ambazo sheria inataka ziwemo garini. Nazo zipige picha kwenye simu, pamoja na namba ya chesisi, ambayo kwa magari ya kisasa ina tarakimu na herufi 17.

Sasa ufunguo wenyewe. Funguo nyingi za kielektroniki zina ufunguo mdogo wa chuma unaochomoka ndani ya ganda. Huo ndio wa kuingia nao majini, umefungwa kwa kamba shingoni au kwenye mfuko wa zipu. Unafungua mlango tu, injini haiwaki bila chipu ya kielektroniki iliyo kwenye ganda, na maji hayaudhuru. Tatizo linabaki kwa ganda. Ukiliacha garini bila kinga, magari mengi yanakataa kujifunga, au yanajifungua ukigusa kitasa. Lizungushie karatasi ya alumini tabaka tatu, au litie kwenye mfuko wa kuzuia mawimbi ya redio, kisha funga mlango kwa ule wa chuma na uvute kitasa. Kikifunguka, mawimbi bado yanapenya. Wengine hutoa betri ya ganda wakidhani wamemaliza. Hawajamaliza: funguo nyingi zina chipu isiyohitaji betri, iliyowekwa makusudi ili gari liwake hata betri ikifa. Mwizi akilikuta ganda kwenye kisanduku cha dashibodi atalisogeza kwenye kitufe na kuondoka.

Visanduku vya namba za siri vinavyoning'inizwa kwenye ringi ya tairi au kwenye kiungo cha kukokotea vinafaa, kwa masharti mawili: pingu yake, yaani chuma kilichopinda cha kufungia, iwe nene, na ganda lililo ndani liwe limefungwa alumini, la sivyo kisanduku kitakuwa hatua moja kutoka kwenye mlango na gari litajifungua lenyewe. Mfuko wa kuvaa usiopitisha maji ni mzuri zaidi, ila usiamini maandishi ya pakiti. Tia karatasi ya chooni ndani, uuzamishe kwenye beseni nusu saa huku ukiuminyaminya. Karatasi ikitoka kavu, basi. Rudia kila baada ya miezi michache, kwa kuwa chembe ya mchanga ikikaa kwenye mfuniko inatosha kuuharibu.

Ganda likilowa maji ya bahari, usibonyeze kitu. Umeme ukikutana na maji ya chumvi, njia za shaba kwenye bodi zinaliwa haraka. Toa betri hapohapo, suuza bodi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kung'uta, acha ikauke siku mbili kivulini, ndipo uweke betri mpya.

Gari likilala nyumbani

Gari la kuwasha kwa kitufe huibwa na watu wawili. Mmoja anapita na kifaa karibu na ukuta wa chumba ulipo ufunguo, mwenzake yuko kwenye mlango wa gari. Mawimbi ya ufunguo yanarushwa kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine na gari linadhani mwenyewe yuko pale. Dawa ni mfuko uleule wa kuzuia mawimbi, nao ujaribiwe kila mwezi kwa sababu nyuzi za ndani hukatika kwenye mkunjo. Njia nyingine, ambayo watafiti waliieleza hadharani mwaka 2023, ni kufika kwenye nyaya za mawasiliano za gari kupitia taa ya mbele na kuingiza ujumbe wa uongo. Hapo mfuko hausaidii kitu.

Ndiyo maana napendelea vitu vya kushikika. Kifunga usukani kinachoonekana kioo kikiwa kimefungwa humfanya mwizi atazame gari la pili. Swichi ya siri, inayozuia injini kuwaka mpaka uigeuze, ni bora zaidi ikifungwa vizuri, na mara nyingi haifungwi vizuri. Fundi wa haraka anakata waya mnene unaopeleka umeme kwenye pampu ya mafuta na kuweka swichi ndogo. Swichi inapata moto, inayeyuka, na gari linazima katikati ya barabara. Waya wa kukata ni ule mwembamba unaoamrisha relei ya pampu (swichi inayoendeshwa kwa umeme), ambao umeme wake ni mdogo. Viungo vilehemiwe kwa risasi na kufunikwa mrija unaosinyaa kwa joto. Kiungo cha kusokota na utepe, kwenye hewa ya bahari, kitageuka kijani na kuanza kukusumbua kabla hakijamsumbua mwizi.

Kifaa cha kufuatilia gari kisichomekwe kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani; hapo ndipo pa kwanza kuangaliwa. Kiwe na betri yake na kifichwe mahali ambapo lazima kitu kifunguliwe ili kukifikia. Na usidhani kila gari lina imobilaiza, kifaa kinachozuia injini kuwaka bila chipu ya ufunguo. Uingereza iliitaka kwa magari mapya tangu 1998, Australia 2001, Kanada 2007, lakini Marekani haikuwa na sharti hilo, na huko yaliuzwa kwa wingi magari yasiyokuwa nayo, ambayo vijana walijifunza kuyawasha kupitia video za mtandaoni. Ukinunua gari lililotumika, muulize fundi kabla ya kulipa.

Pikipiki ifungwe kwenye kitu kisichong'oka, mnyororo ukiwa juu, haugusi chini. Mnyororo uliolala sakafuni unampa mwizi pa kuegemeza mkono wa mkasi na kusukuma kwa uzito wa mwili. Pingili za milimita 16 za chuma kilichokomazwa zinaushinda mkasi wa mkono. Grainda inazikata, ila kwa kelele na cheche. Mashine ya boti nayo mara nyingi ina namba mahali pawili: moja kwenye kibao cha mabano, nyingine imegongwa kwenye kizibo cha injini. Andika zote mbili, kwa kuwa kibao hung'olewa.

Chumvi inamfanyia kazi mwizi

Nyumba ya pwani inaweza kuwa na kufuli zuri leo na miaka miwili baadaye ikawa na pambo. Kuna uchaguzi ambao wauzaji hawausemi. Kufuli la pingu ya steinlesi au shaba ya njano haliliwi na kutu haraka, lakini chuma chake ni laini na mkasi unakikata. Kufuli la pingu iliyokomazwa linaushinda mkasi, lakini linaliwa na kutu, hasa pale pingu inapoingia mwilini. Kwenye geti linaloelekea bahari nachagua lililokomazwa lenye koti la plastiki na kifuniko cha tundu, nalihudumia, na kulibadilisha likichoka. La steinlesi nalitumia pale ambapo mwizi hawezi kuingiza mkasi. Kwa bawaba na bolti, ulizia steinlesi ya daraja la 316. Ina madini ya molibdenamu yanayoikinga na chumvi, tofauti na 304 inayoota madoa ya kahawia.

Kuhudumia si kumimina mafuta ya injini kwenye tundu. Mafuta hunasa mchanga, mchanga husaga pini, na siku moja ufunguo unakatikia ndani. Puliza tundu kwa maji yasiyo na chumvi likiwa limefunguliwa, acha likauke, kisha nyunyiza kilainishi kikavu cha aina ya tefloni. Fanya hivyo kila miezi miwili, na mara moja baada ya kila kipindi cha upepo mkali wa baharini.

Mlango mwenyewe huvunjika kwenye fremu. Kibati kinachopokea ulimi wa kitasa mara nyingi kimeshikwa na skrubu mbili za milimita 20, zilizouma ubao mwembamba tu. Weka za milimita 75 zipite fremu na kufika kwenye ukuta, na kama ukuta ni wa tofali, toboa na uweke plagi. Ulimi wa komeo utoke angalau milimita 25. Silinda, sehemu ya kitasa inayoingia ufunguo, isichomoze nje ya bamba lake zaidi ya milimita 3, kwa maana ikichomoza hushikwa kwa koleo na kuvunjwa katikati.

Upande wa bahari ndio dhaifu. Barabarani kuna macho, nyuma kuna giza na sauti ya mawimbi inayomeza mlio wa kioo. Milango ya vioo ya kuteleza hunyanyuliwa kutoka kwenye reli yake. Ingiza skrubu tatu kwenye reli ya juu, vichwa vyake vikiachwa vining'inie kiasi cha kuunyima mlango nafasi ya kupanda, na ulaze ubao kwenye reli ya chini uliokatwa sawasawa na urefu wa nafasi. Vioo vya luva huchomolewa kimoja kimoja bila kelele. Vigundishe kwa gundi ya epoksi kwenye vishikizi. Nondo za madirisha zigonge kwa nyundo pale zinapozama kwenye saruji. Rangi inaweza kung'aa huku chini yake kukiwa na unga wa kutu, na mlio mfu utakuambia. Grili moja ya kila chumba cha kulala ifunguke kutoka ndani, ufunguo ukiwa karibu lakini mkono wa dirishani haufiki. Moto nao huja usiku.

Uzio wa umeme hudanganya sana pwani. Chumvi ikitanda kwenye vihami, vile vishikizi vya waya visivyopitisha umeme, umeme unavujia kwenye nguzo na nguvu inashuka bila taa ya mashine kuzima. Osha vihami kwa maji yasiyo na chumvi na upime kwa mita kwenye ncha ya mbali, si karibu na mashine. Vyuma vya ardhini vilivyochomekwa kwenye mchanga mkavu havifanyi kazi. Vishuke hadi kwenye mchanga wenye unyevu. Kamera ziwekwe mita 2.5 hadi 3 kutoka chini, lenzi zipanguswe kila wiki, kwa kuwa chumvi na utando wa buibui huakisi mwanga wake na usiku unaona ukungu mweupe tu. Taa za upande wa bahari ziwe za njano ya kahawia, zielekezwe chini na kuwekewa kikinga. Pale kasa wanapotaga, taa nyeupe huwapoteza vitoto vyao njia.

Wakishapita

Ukikuta mlango umevunjwa, usiingie. Rudi nyuma, piga simu polisi, subiri nje. Baada yao piga picha kabla ya kufagia, na udai namba ya taarifa, maana bima itaiuliza. Ikiwa nyumba ilikuwa tupu, soma mkataba: nyingi zina kifungu kinachopunguza malipo nyumba ikikaa siku 30 au 60 bila mtu. Gari likionekana kwenye ramani ya simu, wape polisi ramani, usilifuate.

Mwizi hurudi kwenye nyumba ileile, mara nyingi ndani ya wiki chache, akijua njia na akijua umenunua vipya. Kule Kirkholt, mtaa wa Rochdale nchini Uingereza, katikati ya miaka ya 1980, waliziimarisha kwanza nyumba zilizokwisha kuvunjwa na kuwapa majirani wachache waliozizunguka jukumu la kuziangalia, na uvunjaji ukashuka sana mtaa mzima. Kwa hiyo fundi wa mlango aje siku hiyohiyo, na uwaambie majirani ambao madirisha yao yanaliona geti lako.

Kama kishada ndicho kilichoibwa, badilisha silinda jioni hiyohiyo, kisha mwambie fundi wa umeme wa gari alifute ganda lililopotea kwenye kumbukumbu ya gari. Kutengeneza jipya tu hakuliondoi la zamani. Rimoti za geti nazo hufutwa zote kwa kushikilia kitufe cha kujifunzia kwenye bodi ya mota hadi taa yake iashirie, halafu unazisajili upya zile ulizo nazo mkononi. Bodi hutofautiana, kwa hiyo fungua kitabu chake kwanza, na kabla ya kufunga kifuniko jaribu kila rimoti ukiwa upande wa nje.