Gauni la ofisini lililonitesa, na fundi wa kanzu aliyeniokoa

Mtu asiniambie tena ati nguo nzuri ni ile inayobana. Maneno hayo nimeyasikia tangu niko sekondari, na mwaka jana shangazi yangu alipoyarudia nikamwamini, nikaishia kukaa ofisini nimejifunga leso kiunoni utadhani niko jikoni kwenye harusi ya watu.

Mi nakaa Likoni, Mombasa, kazi iko mjini karibu na Posta, kwa hivo kila asubuhi ni feri, halafu matatu, halafu ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Ikifika mwezi wa pili, joto la kaskazi hilo, saa moja na nusu tu mgongo ushalowa. Nguo zangu zilikuwa aina mbili: madera, ambayo nikivaa nna raha zangu lakini bosi aniangalia kama nimekuja kumtembelea, na sketi za kubana ambazo nikipanda matatu lazima nipande kiupandeupande kama kaa. Nikasema basi, nishone gauni moja la maana.

Kitambaa nikachukua Biashara Street, mita tatu, elfu moja na kitu hivi, kijivu. Kijivu! Hakuna rangi yenye umbea kama hio, tone moja la jasho kila mtu analiona. Fundi wa mwanzo akapitisha tepu kiunoni, mimi nimevuta tumbo ndani mpaka nataka kuzimia, na shangazi pembeni "bana hapo, na hapo pia, asije akafanana na mama wa watoto sita." Yeye anao saba.

Kwenye kioo, walai, lilinipenda. Nilisimama wima, mikono chini, sipumui sana, nikajiona mtu. Jumatatu ndo nikajua kwamba mimi sifanyi kazi ya kusimama mbele ya kioo. Kwenye matatu nikainua mkono nishike chuma, gauni zima likapanda na mkono, pindo likafika magotini na kwapa zikanikata kama uzi. Nikafika ofisini na ramani mbili kwapani na moja mgongoni, manake lile poliesta halinywi jasho, linakurudishia tu. Saa saba nikala mahamri na mbaazi, sikula sana, matatu tu, haya manne, na hapo zipu ikasalimu amri. Nilikuwa na leso kwenye mkoba, mwanamke wa pwani hatoki bila leso, nikajifunga. Bosi akapita, akanitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Pole, kuna msiba?" Nikasema ndio. Akaniruhusu kutoka saa tisa.

Baada ya hapo nikahamia mitumba Kongowea, na huko ndo nilikopata akili. Hakuna chumba cha kujaribia, kwa hivo navaa taitsi na fulana nyembamba ndani, nguo naijaribu papo hapo juu yake. Lakini sijitazami. Nakaa kwenye kreti la soda la muuzaji, nainuka, nainua mkono kama nashika chuma cha matatu, nainama kama nimeangusha shilingi, halafu nashusha pumzi yote na tumbo naliachilia lijae litakavyo. Yule kijana ananiita "dada wa mazoezi", watu wanasimama kutazama, sijali, sketi ya mia na hamsini iliyofaulu mtihani huo nimeivaa mpaka leo. Mabega tu ndo usiyafanyie mchezo, yakiwa hayakai rudisha nguo, kiuno fundi akipunguza ni pesa kidogo lakini mabega ni kufumua nguo nzima.

Ila gauni lilikuwa bado laniuma roho. Siku moja nikapeleka kanzu ya babu kwa mzee mmoja Mji wa Kale, imechanika kidogo upande, nikamwona amegeuza mkono nje, pale kwapani pana kipande kidogo cha kitambaa kimekaa upande kama almasi. Nikamuuliza. "Hicho kikwapa, mwanangu. Mtu ataswali na hii, ainue mikono, arukuu, asujudu, sasa nguo ikimshika si atasali akigombana nayo?" Akanionyesha na taharizi, vile vipande virefu vya ubavuni, kanzu inapanuka kwenda chini bila kuwa gunia juu. Nikasimama pale mdomo wazi. Miaka yote naishi na kanzu nyumbani, sijawahi kutazama ndani.

Nikamwomba anishonee gauni la hivo. Akakataa, hashoni za kike. Nikamrudia mara tatu, mara ya tatu na halua, akakubali "moja tu". Safari hii kitambaa pamba, buluu iliyokoza. Nilichomoa uzi mmoja nikauchoma kwanza: pamba inanuka kama karatasi iliyoungua na inabaki jivu, poliesta inayeyuka ikawa punje ngumu (usifanyie dukani, mimi nilifukuzwa). Nikakiroweka usiku mmoja kabla ya kukata, pamba ikitaka kurudi, yaani kunywea, irudi mapema. Na alipopima, mzee akanisubiri. Tepu iko kiunoni, ametulia tu. "Pumua kwanza." Nikapumua. Kiuno kikaongezeka sentimita nne hizo.

Mabega yamekaa sawasawa, kiuno kinaonekana kipo, na mkono nikiinua kwenye matatu, gauni latulia pale pale lilipo.

Shangazi amelipenda, juzi kaja na kitambaa chake cha kumeremeta nimpeleke kwa mzee. Nikamwambia akiroweke kwanza. Akaniambia hiki hakirudi, ni poliesta. Kweli, hakirudi.