Debe moja kwa kila mtoto: tulivyoondoa chakula cha shule mikononi mwa walimu

Nimeongoza kamati ya shule ya msingi katika kijiji kimoja wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Kama kuna jambo moja ningemwambia mwenyekiti mwenzangu anayeanza, ni hili: mwalimu asikusanye mchango wa chakula, asitunze stoo, asimsimamie mpishi. Kazi hizo ni za kijiji. Kila saa ambayo mwalimu anapima mahindi, kuna darasa limekaa bila mwalimu.

Kwenye mkutano wa kijiji wa kuomba mchango huo msianze na umuhimu wa elimu. Mtapigiwa makofi na hamtapata hata kisado cha mahindi. Anzeni na hesabu ya ruzuku. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi imepangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Shule ya wanafunzi 400 inapata 6,000 mara 400, yaani 2,400,000, na fedha hizo zina mafungu yake: ukarabati mdogo, vifaa, mitihani, michezo na utawala. Hata mngezitoa zote kwa chakula, gawanya kwa siku 194 za masomo na kwa watoto 400: ni kama shilingi 31 kwa mtoto kwa siku. Hiyo hainunui andazi. Mzazi aliyekuja na hoja ya "elimu ni bure, Magufuli alishasema" akiiona hesabu hiyo ubaoni, anaanza kuuliza debe ngapi.

Na kisheria mjue mnaposimama. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016. Waraka Na. 3 wa 2016 ukafafanua wajibu wa kila mmoja, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa kikabaki kwa mzazi. Lakini mtoto hafukuzwi wala kunyimwa masomo kwa sababu mzazi hajachangia. Kwa hiyo uamuzi uwe wa mkutano mkuu wa kijiji, si wa shule. Muhtasari usainiwe na mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, nakala ziende kwa mwalimu mkuu, afisa elimu kata na ofisi ya mkurugenzi. Bila karatasi hiyo, mzazi mmoja akipiga simu wilayani, anayeitwa kujieleza ni mwalimu mkuu.

Mkutano ufanyike Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kwetu mavuno ni Mei na Juni, na baada ya hapo malori yanaelekea soko la Kibaigwa. Mahindi ambayo hayajaahidiwa yanaondoka nayo. Kamati nyingi huitisha mkutano Januari shule zinapofunguliwa, wakati vihenge vinaelekea kukauka na bei ya debe iko juu kabisa. Halafu wanasema wazazi hawana mwamko!

Kiwango hakitoki hewani. Mlo wa makande tuliupima kwa gramu 100 za mahindi na gramu 30 za maharage kwa mtoto. Kwa siku 194 ni kilo 19.4 za mahindi, debe moja na kidogo juu, na kilo 6 kasoro za maharage. Ndiyo maana tunasema debe moja na kilo 5, kinachopungua kinafidiwa na shamba la shule. Asiye na maharage alete kunde, mbaazi au choroko kwa uzito uleule. Alizeti nayo inapokelewa, inakamuliwa mashine ya kijijini na mafuta yanaingia kwenye chungu. Fedha taslimu ni shilingi 1,000 kwa mwezi kwa mtoto. Pangeni kwa robo tatu ya wazazi, msipange kwa wote: watoto 300 wakilipiwa ni 300,000, wapishi wawili 100,000 kila mmoja, iliyobaki ni chumvi, kukoboa na dharura. Asiyeweza kutoa nafaka alete kuni au achote maji, na kaya ambayo hata hilo haiwezi iachwe. Mtoto wake anakula kama wengine, maana ukimnyima anarudi nyumbani saa sita na mchana humuoni.

Kukusanya tulikabidhi wajumbe wa UWAWA, umoja wa wazazi na walimu: kila darasa lina wazazi wawili, mwanamke na mwanaume. Ila kwenye mapokezi tuliwagawa kwa vitongoji badala ya madarasa, kwa kuwa jirani anajua nani amevuna na nani shamba lake liliungua na jua. Kila anayeleta anapimiwa kwa mzani, si kwa debe, kwa sababu kuna debe la kichuguu na debe la kufuta. Anapewa stakabadhi yenye nakala.

Hapo mlangoni ndipo pa kuwa wakali. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara, na mzizi wake ni mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kama hamna kipima unyevu, chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi hadi robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa, subiri dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi ni mabichi, yarudi kuanikwa kwenye turubai. Yenye ukungu au yaliyobadilika rangi hayapokelewi kabisa, hata kama ni ya diwani. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta. Mifuko ya tabaka tatu ni ghali kidogo lakini haihitaji dawa ya wadudu, na dawa kwenye chakula cha watoto mimi siitaki.

Stoo ina kufuli mbili, funguo kwa wazazi wawili wa vitongoji tofauti. Inafunguliwa Jumatatu tu. Kwa watoto 400 zinatoka kilo 200 za mahindi na 60 za maharage za wiki nzima, zinaandikwa kwenye leja, mpishi anasaini. Mwezi wa siku 20 za masomo ni kilo 800 za mahindi, yaani magunia 8 ya kilo 100. Yakipungua 9, kamati inakaa siku hiyohiyo, na hesabu inabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kijiji. Mpishi aloweke makande usiku; kuni zinapungua sana na chakula kinaiva kabla ya saa saba.

Sasa mwalimu amepata nini? Alasiri yenye wanafunzi waliokaa, na muda wa MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini. Jumuiya ya ujifunzaji inakutana shuleni bila mtu kuitwa nje kupokea gunia: mwalimu mmoja anafundisha mada iliyowasumbua, mathalani kusoma silabi darasa la pili, wenzake wanamtazama, wanajadili. Kijiji kinaongeza jambo dogo kwa mwalimu wa ajira mpya. Anakuta chumba, godoro, maji na gunia nusu, maana mshahara wa kwanza huweza kuchelewa, na asiye na pa kulala huanza kutafuta uhamisho kabla hajajua majina ya wanafunzi.

Mvua zikikatika, msijidanganye na mpango wa mwaka mzima. Hesabuni kilichopo stoo mwezi Julai, gawanyeni kwa siku. Kisipotosha, achaneni na makande, toeni uji wa saa nne, na wa kwanza kupewa wawe darasa la awali, la kwanza na la pili.