Betel, Akersgata 74

Ukipanda Akersgata kutoka katikati ya Oslo, macho yanavutwa kwanza na kuba la Kanisa la Utatu, kisha na Mtakatifu Olav, kanisa kuu la Wakatoliki. Betel, kanisa letu sisi Wasabato, liko hapo hapo jirani na halina ukubwa wa hayo. Ni rahisi kulipita.

Ila historia yake naipenda. Mwaka 1878, mji huu ukiitwa bado Christiania, alifika John G. Matteson, Mdenmarki aliyekuwa amehamia Marekani. Mwaka uliofuata tayari kulikuwa na kanisa dogo, na jarida likichapwa. Mama White (Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa letu) alipokuja 1885 alikuta ujenzi unaendelea: nyumba ya uchapaji na ukumbi wa ibada, vyote chini ya paa moja. Kundi la watu wachache, katika nchi ya Walutheri, na bado likaona mitambo ya kuchapa haifai kungoja! Nadhani walipiga hesabu vizuri. Mhubiri hafiki kila kijiji cha pwani ile ndefu, karatasi inafika.

Kinachonifikirisha zaidi ni Ijumaa zao, maana Sabato yetu huanza Ijumaa jua linapozama na kutoka Jumamosi jua linapozama. Kwetu Upare, ambako wamishonari Wasabato kutoka Ujerumani walifika 1903, Ijumaa haina utata. Jua linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu, mwaka nenda mwaka rudi, na ikifika hapo maji yameshachotwa na viatu vimeshapigwa rangi. Hapa Desemba jua linazama saa tisa na robo alasiri. Maana yake mchapaji wa Betel alitakiwa kuzima mtambo na kunawa wino mikononi wakati maduka ya mtaani ndiyo kwanza yamechangamka. Juni mambo yanageuka: Jumamosi unakaa ukitazama rundo la nguo chafu hadi karibu saa tano usiku ndipo Sabato itoke. Na hiyo ni Oslo. Ndugu zetu wa Tromsø, mbali kaskazini mwa Norway, kiangazi jua halizami kabisa. Wao wana mjadala wao.

Desemba hii nimeomba zamu za asubuhi kila Ijumaa. Msimamizi amekubali, kwa sharti nifanye kazi Jumapili, siku ambayo wenzangu wote wanaikimbia. Nilijitahidi nisionyeshe furaha mapema.