Hizi .22 za kizee zinavyonimalizia Jumamosi zangu

Huku Texas bunduki ya .22, ile ya risasi ndogo yenye upana wa kama inchi 0.22, ni kitu cha kawaida kabisa, watu kibao walianza nayo wakiwa watoto, kwa hiyo za zamani zimejaa kwenye maduka ya rehani na kwenye magaraji ya watu walioachiwa na babu zao, na ndo hivo mbongo mwenye grinikadi na hela ya mawazo naye anajikuta ana kadhaa ndani. Naongelea zile semi-otomatiki, unavuta triga risasi moja inatoka, ganda linaruka, nyingine inaingia yenyewe, unavuta tena. Za kumimina mfululizo siyo habari yetu hapa.

Waliopita JKT najua watauliza raha iko wapi, maana wao wanakumbuka kishindo na bega kuuma. Hii haina hayo mambo. Kichwa cha risasi yake ni kama gramu 2.6 tu, bega halisikii chochote. Baruti ya kuwashia haiko katikati ya kitako cha ganda kama kwenye risasi kubwa, imewekwa ndani ya ukingo, pini inagonga ukingo na mchezo umeisha. Ndo maana zinaitwa rimfaya. Ganda likishatumika halijazwi tena, lakini bei yake ni ndogo na unaweza kushinda renji, kwenye uwanja wa shabaha, mchana mzima bila kugusa hela ya kodi.

Sasa ukiniuliza ipi naipenda zaidi wenye makusanyo ya maana watanicheka, ni Stevens 87A. Bunduki ya bei chee, ilitoka kwa majina matatu, Stevens, Springfield na Savage, kitu kilekile, na ubavuni ina matundu yamekatwa marefu kama matamvua ya samaki. Vituko vyake viko kwenye triga: ukivuta na kuendelea kushikilia, boliti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, inarudi nyuma inakaa hukohuko, mpaka uachie kidole ndo inarudi mbele na risasi mpya. Kwa hiyo kila risasi ina milio miwili, klik, halafu klak, na ile klak unaiamua wewe. Afu ukisukuma kile kishikio cha boliti ndani inajifunga, unaitumia kwa mkono risasi mojamoja, hapo inakula hata zile fupi ambazo hazina nguvu ya kurudisha boliti. Nimeshawahi kumpa jirani ajaribu akaangalia kama imeharibika, nikamwambia achia kidole mzee, klak, akacheka mpaka basi.

Na hapa ndo nina ubishi wangu na vijana wa renji. Wao wanadhani semi-otomatiki maana yake haraka, wana Ruger 10/22 (nayo siyo mtoto, imeanza 1964) wamezibandika magazini ndefu na darubini, trrrr, dakika moja boksi limekwisha na kopo bado limesimama linawaangalia. Hizi za kizee nyingi hazina magazini ya kuchomoa. Zina mrija. Unavuta mrija wa ndani, unadumbukiza risasi moja moja kwenye kitundu, ting, ting, ting, huku unapiga stori na wa pembeni, na ukishatumia muda wote huo kuzipanga huwezi kuzimwaga hovyo, kila moja unaitafutia kopo lake. Mimi napiga kwa vilengeo vya chuma tu, mita 25 hivi, nyuma kuna kilima cha udongo maana kichwa cha .22 kikigonga mwamba au chuma vibaya kinaruka kwenda kusikojulikana.

Mji wetu wa San Antonio wenyewe una historia kwenye haya mambo. Mwaka 1907 Ad Topperwein, fundi wa shabaha aliyekuwa ameajiriwa na kampuni ya bunduki ya Winchester, alisimama kwenye viwanja vya maonyesho hapa siku kumi anarushiwa vipande vya mbao hewani, vipande 72,500, akakosa 9. Tisa! Alitumia Winchester 1903, hiyo ya kupakia unasukuma kijiti kilichochomoza chini ya mtutu. Nzuri sana kuiangalia ila inakula risasi yake ya peke yake, .22 Winchester Automatic, waliitengeneza hivo ili watu wasiweke risasi za baruti nyeusi zikajaza masizi ndani, na leo kuipata ni shughuli. Anayetaka umbo lile atafute Model 63 ya kuanzia 1933, inakula .22 LR (Long Rifle), ile risasi ya kawaida, ila aje na hela.

Rekodi ile ikaja kupigwa 1959 na Tom Frye wa kampuni ya bunduki ya Remington, mbao 100,010, akakosa 6, na bunduki ya plastiki! Nylon 66. Ni tangazo la biashara ndiyo, kampuni ilikuwa inawaonyesha watu kwamba nailoni ya DuPont siyo mchezo wa watoto, lakini bado mtu alilenga. Ni nyepesi, haitaki oili ndani, risasi 14 zinaingia kwa nyuma kwenye kitako. Ushauri wangu wa bure, usiifungue yote kama huna jioni nzima ya kuirudisha.

Ukienda kununua usishtuke ukikuta haina namba ya kiwandani, kabla ya sheria ya bunduki ya Marekani ya 1968 .22 nyingi zilitoka kiwandani hivohivo. Cha kuangalia ni mrija wa ndani haujapinda, springi ina nguvu, na ukingo wa chemba, pale risasi inapokaa, haujabonyea, maana baadhi zimepigwa tupu bila risasi miaka na miaka mpaka pini imechimba chuma. Mpe risasi za kawaida tu, zile za mwendo mkali sana zinazipigapiga bure. Ikigoma kukuachia risasi kwa mfano umevuta na kimya, iache imeelekea kilimani nusu dakika ndo ufungue. Na mikono unanawa kabla ya kugusa chipsi, kila kitu pale kina madini ya risasi.

Mimi kwa sasa nasaka mrija wa ndani wa 87A, wa kwangu umeanza kukwama, na wauzaji wanajua kabisa bunduki bila huo mrija ni rungu, bei wanayotaja utadhani nanunua bunduki ya pili.