Siku yangu kwenye kitalu cha pilipili zilizopigwa mionzi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi boda inanishusha langoni, nje kidogo ya Kampala. Namwagilia kwanza, kabla jua halijawa kali.

Saa mbili naanza kukagua kizazi cha pili, mche kwa mche. Mbegu za mwanzo zilipelekwa Seibersdorf, Austria, kwenye maabara za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, zikapigwa mionzi ya gama ili ibadilishe chembe zake za urithi. Kupigwa huko ni kazi fupi. Kinachokula miezi ni kutazama. Kizazi cha kwanza hudumaa na kutoa majani yenye mabaka, lakini mengi ya hayo ni majeraha tu, hayarithiwi. Badiliko lenye faida mara nyingi hujificha mpaka ua lijichavushe na mbegu zake zipandwe tena. Ndiyo maana maua ya kizazi cha kwanza tuliyafunga vifuko. Nyuki wakileta chavua ya mche mwingine, hujui tena unachokiona kimetoka wapi.

Leo nimeufunga utepe mche mmoja mfupi uliochanua kabla ya wenzake. Mzuri, ila siutafuti uzuri.

Ninachotafuta nakikagua saa tano: miche inayostahimili mnyauko wa bakteria. Ugonjwa huu huuangusha mche ukiwa bado kijani. Kata shina lake, litumbukize kwenye glasi ya maji safi, utaona uzi mweupe ukishuka: ndio bakteria wenyewe. Hakuna dawa ya kupulizia inayouponya. Kwa hiyo tunaijeruhi mizizi makusudi na kuimwagia maji yenye bakteria hao. Mingi imekufa. Safu moja, karibu na ukuta, bado ina miche iliyosimama wima, nami nimerudi kuitazama hata baada ya posho na maharagwe.

Saa nane amekuja Hajati, mkulima jirani.

“Mwanangu, hizi hazitatuletea kansa?”

“Hapana, Hajati. Mionzi hupita kwenye mbegu kama eksirei inavyopita kifuani, haibaki humo. Stadler, mwanasayansi wa Marekani, alichapisha majaribio ya kupiga shayiri mionzi mwaka 1928, na leo aina zaidi ya 3,000 za mimea ya namna hii zimesajiliwa duniani.”

“Basi mbegu nitapata lini?”

Nimemwambia ukweli: bado vizazi kadhaa, kisha majaribio wilayani. Hakufurahi, na ana haki. Shamba lake linanyauka sasa.

Saa kumi naandika daftari. Kesho ile safu ya ukutani inamwagiwa bakteria tena.